Nani Aliyewateua?

Dokta alisoma kazi zetu kwa penseli. Wasimamizi wengine pale idarani walitumia kalamu nyekundu, kwa hiyo mwanafunzi alijua kwa mbali, kabla hata hajapokea karatasi zake, kwamba mambo yamechafuka. Yeye alikuwa na penseli ya kawaida, na akishakuuliza swali alianza kuichonga taratibu, akakuacha nalo. Siku hiyo, mwishoni mwa mwaka 2011, alinisukumia kurasa kumi na nne za sura yangu ya tatu juu ya meza, akachukua kichongeo.

"Ulipofika mwaloni siku ya kwanza, ulimwamkia nani?"

Nilidhani ananipoza kabla ya kuanza kazi yenyewe. Nikamwambia nilimwamkia mwenyekiti wa kitongoji, halafu mke wake, halafu wazee wawili waliokuwa wakicheza bao.

"Wako wapi humu ndani?"

Nikapekua kurasa kana kwamba ningewakuta. Mwenyekiti hakuwemo. Mkewe hakuwemo, wala wazee wa bao. Aliyekuwemo ni Kothari. Kothari (2004) alikuwemo mara kumi na moja: akieleza sampuli ni nini, akieleza hojaji ni nini, akieleza hata utafiti wenyewe ni nini. Aliyepita vyuo vyetu anamfahamu. Kitabu chake cha mbinu za utafiti kimepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na wengi tunaomnukuu hatujawahi kuliona jalada lake.

"Huyu Kothari mlipanda naye meli ya Nansio?" Dokta akauliza.

Utafiti wangu wa shahada ya umahiri ulihusu msamiati wa wanawake wanaoanika na kuuza dagaa katika mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kutilia mitumbwi ya uvuvi, wa kisiwa cha Ukerewe. Nilitaka maneno yao ya kazini: vipimo, madaraja ya dagaa, majina ya misimu, lugha ya kukopeshana na kudaiana. Ni watu wanaopitia Kikerewe, Kijita, Kisukuma na Kiswahili katika asubuhi moja, mara nyingine ndani ya sentensi moja, na dagaa wao hao hao wakivuka mpaka wa Kenya wanaitwa omena, wakifika Uganda wanaitwa mukene. Mada ilikuwa nzuri. Niliiharibia kwenye sura ya tatu, na naeleza hapa nilivyoiharibu kwa sababu sasa mimi ndiye ninayeshika penseli, na naona wengine wakipita mle mle.

Sura ile niliirithi. Dada mmoja aliyetutangulia alikuwa amefaulu vizuri, akatuachia tasnifu yake kwenye flashi. Yeye alitafiti utoro katika shule za msingi. Nilichukua sura yake ya tatu, nikaondoa "wanafunzi" nikaweka "wanawake wauza dagaa", nikaondoa wilaya yake nikaweka Ukerewe. Usiku mmoja ulitosha. Lakini kwenye aya ya usampulishaji walibaki walimu wakuu watatu ambao macho yangu yaliwaruka. Dokta aliwazungushia duara la penseli, hakuandika neno. Maneno yake mengi ya siku ile nimeyasahau taratibu. Wale walimu wakuu bado wamesimama katikati ya dagaa wangu.

Nijitetee kidogo. Hatukuwa wavivu. Sura ya kwanza ni tatizo lako, ya pili ni ulichosoma, ya nne ni ulichopata, na hizo tulizitolea jasho. Ya tatu ilionekana kama geti: unaonyesha kitambulisho, unapita. Vichwa vyake vidogo vilikuwa vile vile kwa kila mtu, usanifu wa utafiti, eneo la utafiti, walengwa, sampuli, mbinu za kukusanya data, uchanganuzi, maadili, na kitu chenye vichwa vilivyokwisha kuandikwa ni fomu. Fomu hujazwa. Kwenye "eneo la utafiti" niliweka latitudo, longitudo na wastani wa mvua wa wilaya, kana kwamba msomaji anataka kwenda kulima.

Kilichonifumbua macho ni kiambishi. Niliandika: "Watafitiwa waliteuliwa kwa usampulishaji nasibu." Pembeni Dokta aliandika maneno mawili: "Na nani?"

"Wewe umesoma isimu," aliniambia. "Unajua hiki -w- kinafanya kazi gani. Kinamtoa mtenda jukwaani. Sasa niambie, umemficha nani?"

Nilirudi bwenini nikahesabu. Waliteuliwa, zilikusanywa, yaliulizwa, ilizingatiwa, yalichanganuliwa. Kurasa kumi na nne, vitenzi vya kutendwa themanini na kitu, na nyuma ya hivyo vyote hakuna binadamu hata mmoja. Ingekuwa hadithi, msomaji angedhani ni ya mashetani: hojaji zinagawanywa zenyewe, watu wanaitwa na sauti isiyo na mwenyewe, majibu yanajikusanya.

Sentensi nyingine ilisema: "Data zilikusanywa mwezi Agosti 2011." Pembeni: "Mwezi ulikuwaje?" Nilidhani penseli imemteleza, kwamba alitaka kuuliza mwezi upi. Sikujua kwamba Dokta amekulia kandokando ya Ziwa Victoria. Alikuwa anauliza mwezi wa angani.

Basi nikalazimika kusema yaliyotokea.

Kufika mwaloni kihalali ni safari ya mihuri. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anaandika kwa Katibu Tawala wa Wilaya, wilaya inakuelekeza Halmashauri, Halmashauri inaandika kwa Mtendaji wa Kata, kata kwa Mtendaji wa Kijiji, na huyo ndiye anayekukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipokanyaga mchanga nilikuwa na bahasha nene, na kila aliyeniona aliiona serikali. Mwaloni pale, mgeni mwenye karatasi zenye mihuri ni mtu wa ushuru au ni mtu wa uvuvi aliyekuja kupima matundu ya nyavu. Hakuna wa tatu. Sura yangu ilimaliza habari hiyo yote kwa kusema: "Vibali vya utafiti vilipatikana." Vilipatikana, kama maembe chini ya mti.

Nilishuka melini tarehe 11 Agosti. Tarehe 13 mwezi ulikuwa mpevu. Kwa sisi tuliokulia Dar es Salaam mwezi mpevu ni pambo, lakini kwenye mwalo wa dagaa ni likizo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelea na taa, wakati ule karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawazoa. Mwezi ukishajaa, ziwa zima linang'aa, na karabai haina tena la kumwambia dagaa. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hushonwa, na kwa siku kadhaa ufukwe hubaki mtupu. Niliukuta mchanga umefagiliwa na upepo, chanja hazina kitu, watoto wanachezea mpira mahali pa kuanikia. Wanawake niliowafuata walikuwa kwenye mashamba yao ya mihogo, na wengine walikuwa wamevuka kwenda Mwanza, kwenye soko la Mwaloni kule Kirumba, kudai fedha zao.

Mwenyekiti alikuwa mkarimu, hakupenda mgeni aaibike. "Unahitaji kina mama wangapi, binti?" Nikasema wengi iwezekanavyo. Kufikia jioni barazani kwake walikuwa wamekaa wanawake kumi na wawili, wameoga, wamevaa vitenge vya kutokea. Baadaye nilikuja kujua kwamba watatu walikuwa ndugu zake, na wengine wawili walikuwa na nyumba za kupangisha na hawakuwa wamegusa dagaa mbichi kwa miaka. Ndivyo ilivyo: anayepatikana mwaloni wakati wa mbalamwezi ni yule ambaye hana haja ya kuikimbilia shilingi shambani. Kwa kumtafuta mtu yeyote tu nilimpata mwenye nafasi, na hao ndio niliowaandika kuwa waliteuliwa kwa nasibu. Mteuzi alikuwa mwenyekiti, pamoja na mwezi.

Swali langu la saba liliuliza: "Unatumia kipimo gani kuuzia dagaa?" Wote kumi na wawili walijibu: kilo. Nikaandika kilo, kilo, kilo, nikafurahi kwamba data zinakubaliana. Sikujiuliza mbona tangu nifike sijaona mizani.

Halafu kuna habari ya 203. Kwenye pendekezo la utafiti nilikuwa nimetumia kanuni ya Yamane, ile inayopendwa na kila mwanafunzi kwa sababu inatoa namba bila kuuliza maswali. Orodha ya mwalo ilikuwa na wanawake 412. Unachukua 412, unagawanya kwa 1 jumlisha 412 mara 0.05 kipeo cha pili, unapata 203. Kanuni haina kosa. Inafaa ukitaka kukadiria ni wangapi kati ya watu wengi wana jambo fulani, na kila mmoja wao awe na nafasi sawa ya kuguswa. Mimi nilikuwa natafuta maneno. Neno moja linalosemwa kweli halipati uzito zaidi kwa kuulizwa watu mia mbili kwa karatasi. Lakini 203 ilikuwa na sura ya kisayansi, nikaibeba mpaka Ukerewe, na siku ya sita nilikuwa na hojaji ishirini na mbili na fedha za siku tatu.

Usiku ule, gesti, kwa mshumaa, nilijaza hojaji tisa mwenyewe.

Nimewahi kusimulia kisa hiki kwa wenzangu, na nimegundua kwamba wengi hunyamaza kwa namna ya mtu anayekumbuka gesti yake. Nilibadilisha kalamu. Nilibadilisha mwandiko. Niliwapa wanawake wangu tisa umri, idadi ya watoto, miaka ya kazi, hata malalamiko. Nililala vizuri sana.

Dokta aliomba nimletee hojaji zenyewe. Alizitandaza mezani, akazisoma kimya, kisha akazitenga tisa upande mmoja bila kukosea hata moja. "Hawa wote wamezaliwa hospitali?" akauliza. Sikuelewa. Akanionyesha safu ya umri. Wanawake wa kweli walikuwa na miaka 30, 35, 40, 40, 45, 50. Wa kwangu walikuwa na 28, 32, 37, 41, 43, 46. Mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache watu hukadiria umri wao, na makadirio hukimbilia namba zinazoishia na sifuri au tano. Watu wa takwimu za sensa hulitazama jambo hilo hilo wanapopima ubora wa data zao. Nilikuwa nimedanganya kwa usahihi kupita kiasi.

Hakunishitaki popote. Alisema, "Chana." Nikachana mbele yake, akanisogezea kikapu kwa mguu. "Sasa unao ishirini na wawili. Wote wanapumua."

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa sijaondoka kisiwani baada ya usiku wa mshumaa. Kaka yangu alinitumia fedha kwa M-Pesa, nikakaa mpaka tarehe 2 Septemba. Giza likarudi. Asubuhi ya kwanza ya giza niliamshwa na kelele, nikatoka nikakuta mwalo mwingine kabisa: mitumbwi imejaa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, beseni zinapita vichwani, watu wanabishana bei kabla jua halijatoka. Kwenye chanja ya mwisho, karibu na mawe, alikuwepo bibi mmoja mwembamba, anaanika peke yake. Nilisimama pembeni yake na karatasi zangu. Alinitazama kwa muda, akanipa ufagio mdogo wa kugeuzia. Nikaziweka chini karatasi.

Nikageuza dagaa siku nane. Nilijifunza kwamba wa kwenye chanja wanapata bei ya kuliwa na watu, na wa mchangani mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Kwamba mvua ya mchana ikikukuta hujaanua, umekula hasara. Na kwamba kwa siku nane hizo sikulisikia neno kilo ila mara moja, alipokuja mnunuzi kutoka Mwanza na mizani yake. Kati yao walisema ndoo, beseni, na zaidi ya yote sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo nchi nzima imeligeuza kipimo. Sado iliyojaa mpaka kuna kilima juu, sado iliyopigwa chini dagaa washuke, sado ya rafiki, sado ya mgeni. Kurasa nyingi za sura yangu ya nne zilitoka kwenye kopo hilo.

Kwa hiyo wale kumi na wawili wa barazani walinidanganya? Ndivyo nilivyomweleza Dokta, na hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. Hawakudanganya, alisema. Waliulizwa na binti mwenye mihuri, mbele ya mwenyekiti, wakamjibu kwa neno linalomfaa mtu wa namna hiyo. Kilo ni neno lao la wageni. Ni data safi kabisa, mradi tu msomaji ajue aliyeuliza alikuwa nani, amekaa wapi, ameshika nini mkononi. Ukivifuta hivyo kwa kusema "watafitiwa waliulizwa", umeligeuza jibu la kweli kuwa uongo, na uongo huo ni wako.

Akanipa nakala ya kazi ya mwanaisimu William Labov nikaisome wikiendi. Labov alitaka kujua watu wa New York wanaitamkaje r, na alijua akiwauliza watajirekebisha. Basi akaingia katika maduka matatu makubwa, Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, Klein la wanyonge, akamuuliza kila mhudumu mahali ilipo bidhaa ambayo tayari alijua iko ghorofa ya nne, maneno ambayo kwa Kiingereza yana r mbili. Akishajibiwa alijifanya hakusikia, mhudumu akarudia kwa mkazo. Kisha alikwenda pembeni asionekane, akaandika. Wahudumu 264. Matokeo yalitoka katika kitabu chake cha 1966, na maelezo ya alivyofanya ni mepesi kiasi kwamba mtafiti mwingine, Joy Fowler, aliweza kurudi kwenye maduka ya mji ule ule mwaka 1986 na kuirudia kazi hiyo. Labov huyo huyo alikuja kulipa jina, mwaka 1972, lile lililonikuta barazani: tunataka kujua watu wanavyosema wakiwa hawatazamwi, na hatuna njia ya kujua ila kwa kuwatazama.

Nilimuuliza Dokta kama wahudumu wa Labov waliombwa ridhaa. "Hawakuombwa," alisema. "Na wako?" Siku ya kwanza ya giza nilikuwa nimewaambia kina mama kwamba nimefuata maneno yao ya kazi, wakacheka, wakasema maneno hayauzwi, chukua. Baada ya siku tatu walisahau, na ndicho nilichotaka. Siku ya kuondoka niliwasomea orodha ya niliyoyaandika. Wawili waliniomba nifute mifano iliyotoka kwenye ugomvi wa deni, nikafuta. Dokta akasema hayo nayo yaandikwe, pamoja na kwamba nilifuta, pamoja na idadi ya mifano iliyofutwa.

Sura niliiandika upya kwa mkono. Agizo lake lilikuwa niandike barua kwa mdogo wangu ambaye kesho anapanda meli kwenda kufanya nilichofanya, na asiwe na simu ya kuniuliza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko sura ya pili yenye vitabu sitini. Nililazimika kuchagua kipi mdogo wangu atakihitaji. Latitudo hakuihitaji, mwezi aliuhitaji. Kothari alipungua akabaki mahali pamoja tu, nilipoeleza kwa nini nimeiacha sampuli nasibu nikachukua ya makusudi. Mwenyekiti aliingia. Mihuri iliingia. Niliwagawa watafitiwa makundi mawili, wa barazani na wa kwenye chanja, na nikakiri kwamba wa barazani waliteuliwa na mtu mwingine. Nilikiri pia kwamba wavuvi wanaume hawamo, kwa sababu asubuhi walikuwa wamelala na jioni niliogopa kuwafuata. Sentensi hiyo ya kuogopa niliiandika na kuifuta mara nne. Mwishowe niliiacha.

Kanuni za chuo zilitaka nijiite "mtafiti", kwa hiyo kila "nilikwenda" iligeuka "mtafiti alikwenda". Sikuona ubaya. Mtafiti anayekwenda ana miguu.

Siku hizi wanafunzi wangu hawahitaji hata flashi; sura ya tatu wanaipata simuni kabla chai haijapoa. Lakini makosa ni yale yale ya zamani, na la kwanza ni la wakati. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: mtafiti atatumia, atahoji, atachambua. Mtu akirudi kutoka uwandani anatakiwa aandike alichokifanya, lakini wanachofanya wengi ni kugeuza -ta- kuwa -li-, na yaliyokusudiwa yanakuwa yaliyotendeka bila mtu kutoka jasho. Mmoja wao aliiachia kompyuta ifanye hivyo kwa amri moja, kila "ata" iwe "ali". Nikapokea sura yenye mkusanyo wa "dali", "malitizo" ya utafiti, barua kwa Mtendaji wa "Kali", na "walifitiwa" thelathini. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikawakumbuka walimu wakuu wangu watatu, nikachukua penseli.

Huyo kijana nilimsimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi pale Magamba, Lushoto, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unangoja yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, naye akayaweka yakiwa bado ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Miaka michache baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali lile lile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar, akamwomba fundi wa maabara ajaribu, naye fundi akaripoti kwamba kweli maji ya moto yametangulia, lakini asihofu, atarudia mpaka apate jibu sahihi. Watu hufurahia mkasa wa mwalimu, na mimi humpenda zaidi huyo fundi, kwa sababu ndiye mimi gesti na mshumaa wangu: jibu linajulikana, kilichobaki ni kulitafutia data.

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao 1969, na waliandika kwamba waliweka mililita 70 za maji kwenye bika ya mililita 100. Sabini, wala si "maji kiasi". Ndiyo maana mabishano yameendelea zaidi ya nusu karne bila kugeuka matusi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio, wakasema hawakuuona ushahidi wa maji ya moto kutangulia kupoa, na wakaonyesha kwamba kukiinua au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kukufanya udhani umeuona. Wengine bado wanawapinga. Kijana wa Lushoto alifanya jambo ambalo wasomi wanaweza kuendelea kuligombania kwa adabu, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake aliweka nini wapi.

"Kwa hiyo mimi niandike kipimajoto changu kilikuwa wapi," yule kijana alisema. Alikuwa amewahoji madereva wa daladala. Nikamuuliza gari lilikuwa limesimama au linatembea. Akatabasamu kama mtu aliyekamatwa.

Mwaka 2014 nilirudi Ukerewe na nakala ya tasnifu yenye jalada gumu jeusi. Mwenyekiti alikuwa mwingine. Bibi wa chanja ya mwisho alikuwepo, amezidi kukonda, anaanika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akakipima uzito kama anavyopima sado.

"Mimi ni nani humu?"

Nikamwambia yeye ni Mtafitiwa wa 17.

"Kumi na saba ni jina la nani?"

Nikamweleza habari za maadili, kwamba majina hufichwa ili kuwalinda watu. Akauliza ninamlinda na nani. Nikawafikiria wale wawili waliotaka mifano yao ifutwe. Wao walikuwa na sababu, na nilikuwa nimeinyoosha sababu yao ikawafunika wote. Huyu hakuna aliyemuuliza kama anataka kufichwa. Hilo nalo halimo kwenye sura.

Akataka nimsomee. Sura ya nne hakuijali, maneno yale anayo. Nikamsomea ya tatu: meli, mihuri, barazani, mwezi. Alikuwa akisikiliza huku akiokota wadudu kwenye dagaa, mpaka nilipofika mahali pasemapo kwamba Mtafitiwa wa 17 alimkaribisha mtafiti kushiriki katika kazi ya kugeuza.

"Hapo pana uongo," alisema. "Sikukukaribisha. Ulikuwa umesimama kwenye jua langu. Nilikupa ufagio ili usogee."

Nikatoa penseli, nikaandika pembeni. Nakala ya maktaba bado inasema nilikaribishwa.